Binti mhandisi: Aende kwa mkandarasi au kwa mshauri?

Simu mbili ziliingia wiki moja. Ya kwanza ilitoka kwa mkandarasi wa barabara upande wa Singida: mshahara mnono, maisha ya kambini, mkataba wa miezi 18. Ya pili ilitoka kwa wahandisi washauri wa hapa Dodoma: mshahara mdogo, lakini jioni binti angerudi nyumbani Area D.

Baba yake, fundi mwashi, hakutaka mjadala.

"Mama, nenda ofisini. Kwa wakandarasi nimekula vumbi, na mishahara mingine mpaka leo sijaiona."

Haikuwa hadithi. Mwaka mmoja mradi ulisimama, na ada ya binti huyo ikalipwa kwa kuuza mbuzi.

Mama yake akauliza kazi hizo zinatofautianaje. Binti akaeleza: mshauri husanifu, hukadiria gharama na kumsimamia mkandarasi kwa niaba ya mwenye mradi. Mkandarasi hununua saruji, hulipa vibarua na kukimbizana na tarehe. Zege likishamwagwa, sampuli zake hupimwa siku ya 7 na ya 28. Lisipofikia nguvu inayotakiwa, mshauri anaweza kulikataa, na mkandarasi akabomoa kwa gharama zake.

Baba akanyamaza. Alikumbuka nguzo aliyoamriwa kuivunja.

"Yule mshauri nilimchukia," alisema. "Lakini alijua. Alishafanya kazi saiti miaka mingi."

"Mimi bado sijafanya, baba."

Mama ndiye aliyepata swali la maana: nani atakufundisha? Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka 3 wa mafunzo kwa vitendo kwa wahitimu, chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Kazi isiyo na msimamizi huyo humchelewesha kijana, hata ikilipa vizuri.

Binti akapiga simu kote kuwili. Msimamizi alikuwepo pande zote. Kwa mkandarasi akauliza zaidi: mshahara hulipwa tarehe ngapi, na wanawake hulala wapi. Alipojibiwa, akachagua kambi kwanza, ofisi baadaye.

Baba hakusema amekubali. Asubuhi ya safari alimbebea begi hadi stendi, akamkabidhi pima maji yake ya zamani, imefungwa kwenye khanga.

"Mishahara ikichelewa miezi miwili," alisema, "rudi nyumbani. Usione aibu."