Binti Yetu na Kazi ya Mionzi

Binti yetu alipomaliza kidato cha nne na kutuambia kwamba angependa kusomea tiba ya mionzi, hatukumjibu kwa siku tatu. Si kwamba hatukuwa na la kusema. Kila mmoja wetu alimwachia mwenziwe aanze. Baba alihofia mionzi itamdhuru kizazi. Mama aliihofia Nairobi, na miaka ya masomo, na posa ambazo zingepita mlangoni bila kubisha hodi. Na sote wawili tulikuwa na hofu nyingine tusiyoitamka: kumbukumbu ya marehemu shangazi yake.

Shangazi alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi katika miaka ile ambayo hospitali ya umma yenye mashine ya mionzi nchini Kenya ilikuwa Hospitali Kuu ya Kenyatta peke yake. Tulimpeleka kwa basi la usiku. Alitakiwa apate mionzi kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa muda wa wiki tano. Alipofika katikati, Idi ikakaribia, nasi tukamfuata. Tulisema Idi huliwa nyumbani na watu wako. Alikaa nasi siku kumi na mbili, akafurahi, ndipo akarudi kumalizia. Mwaka uliofuata alifariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Aliyetutoa katika kimya chetu ni ami yake mtoto. Alituuliza swali moja tu: "Mkimkataza huyu, wake zetu na mama zetu watakapolazwa juu ya ile meza, mnataka wahudumiwe na nani?" Tukatoa idhini.

Masomo hayakuwa mepesi. Alianza na stashahada ya upigaji picha za tiba, kisha akaendelea na tiba ya mionzi yenyewe. Fizikia ilimliza zaidi ya maiti za darasa la anatomia. Alipokuja likizo alituondolea hofu moja baada ya nyingine. Mashine ya kisasa hutoa mionzi inapowashwa tu. Mhudumu hukaa nje ya chumba chenye kuta nene za zege, akimwangalia mgonjwa katika skrini na kuzungumza naye kwa kipaza sauti, na kifuani huvaa beji inayopima mionzi iliyomfikia. Mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine hiyo hatoki na mionzi mwilini, wala hamdhuru anayemkaribia. Hapo tulitazamana, kwani shangazi tulimzuia kuwabeba wajukuu zake.

Kisha, katika mwaka wake wa pili wa tiba ya mionzi, alitupigia simu usiku. Siku hiyo walikuwa wamefundishwa kwa nini dozi hugawanywa vipande vidogo vidogo: chembe nzima za mwili hupata nafasi ya kujitengeneza baina ya dozi moja na nyingine, ilhali za saratani hazijitengenezi vyema kama hizo. Lakini mapumziko yakirefuka, saratani nayo hupata muda wa kukua upya. Akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, shangazi alikatisha siku ngapi?"

Tulimwambia kweli. Hakutulaumu. Ajali i mikononi mwa Mungu, wala hatujui siku zile zilibadilisha nini. Tunalojua ni kwamba hapakuwa na mtu wa kutueleza kwa lugha yetu, nasi hatukuuliza.

Leo binti yetu yumo kazini. Kila asubuhi huhakikisha kwamba mashine imepimwa, kisha huwalaza wagonjwa vilevile walivyolazwa jana, kwa kufuata alama ndogo zilizochorwa kwenye ngozi. Akina mama wa mabuibui huwafunika mwili wote isipokuwa pale panapotibiwa, nao humwombea dua. Mgonjwa asipotokea, hakai akimngoja. Humpigia simu siku hiyohiyo na kumuuliza kilichomzuia, iwe ni nauli, mazishi au sherehe.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, msichana wenu akiipenda fizikia msimcheke. Na mkiwa na mgonjwa aliye katikati ya mionzi huku sikukuu ikikaribia, mwacheni aendelee kutibiwa. Fungasheni pilau na halua, pandeni basi, mpelekeeni Idi huko aliko.