Wafuasi kibao, mchongo hakuna

Washkaji wawili wa Sinza, wote wanatengeneza programu za simu. Mmoja yuko Instagram kutwa, anaposti laptopu na kahawa. Laiki kibao, ila meseji anazopata ni za watu wanaotaka kurudishiwa akaunti zilizodukuliwa. Bure, tena! Mwenzake hana hata picha kwenye akaunti. Anaweka kazi zake GitHub, na usiku bando likiwa rahisi anajibu maswali ya mafundi wenzake. Jamaa wa Nairobi aliyewahi kusaidiwa naye ndiye kampa mchongo unaomlisha leo. Mwaka 2016 Microsoft iliinunua LinkedIn kwa dola bilioni 26.2, kwa hiyo kujuana kuna hela, ila ujuane na wanaoijua kazi yako.

Juzi kodi ya miezi 6 imeisha. Wa Instagram kamwandikia mwenzake: "Kaka, niunganishe basi." Tiki za bluu zimetokea, jibu bado.