Kioo cha Maji na Jini la Karakana

Loko za mvuke za daraja la 59, vichwa vya treni zetu za Afrika Mashariki, zilikuwa 34. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilizijenga mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki: Mount Gelai, Mount Shengena na wenzao. Uzito wa moja ulizidi tani 250, na kwenye reli za upana wa mita moja hapajawahi kuundwa loko ya mvuke yenye nguvu kuzishinda. Zilivuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, zikipanda kutoka usawa wa bahari hadi mita zaidi ya 1,600, na zikipita Voi, nilikozaliwa, madirisha ya nyumba yetu yalitetemeka.

Niliingia kazi ya reli mwaka 1968 kama mwanagenzi wa fundi wa boila. Somo langu la kwanza lilikuwa kutokiamini kioo.

Kioo cha maji ni bomba la kioo lililosimama mbele ya dereva, kwenye uso wa boila. Kina cha maji ndani ya boila ndicho kinachoonekana pale. Maji yakishuka chini ya dari la tanuri, chuma cha dari hubaki kitupu juu ya moto, kikalegea, na mvuke hulipasua boila kwa nguvu isiyobakiza mtu kibandani. Kwa hiyo maisha ya dereva na faiamani wake, mchochea moto, yamo ndani ya lile bomba dogo. Na lile bomba laweza kusema uongo. Maji ya nchi kavu yana chumvi, chumvi huganda katika tundu jembamba linalopeleka maji kiooni, na tundu likiziba, kioo huonyesha maji yaliyotuama, nusu kamili, ya kupendeza macho, ilhali boila linakauka. Loko inapokwenda, maji ya kioo kizima huchezacheza. Yaliyotulia tuli ndiyo ya kuogopa.

Basi kila anayepokea zamu hukipima. Hufunga koki ya mvuke na koki ya maji, hufungua ile ya chini kioo kikauke, huifunga, kisha huzifungua zile mbili moja baada ya nyingine na kutazama maji yanavyorudi. Yakiruka juu mara moja, njia iko wazi. Yakijivuta, kuna kinachozuia. Kisha huhamia kioo cha pili, kwa maana loko hubeba viwili, akalinganisha. Hufanya hivyo hata kama aliyemkabidhi zamu ni kaka yake wa tumbo moja, na kaka hanuni.

Fundi aliyenilea alikuwa mzee wa Mombasa, mtu wa swala tano, sauti ya chini. Alipoona naridhika na kutazama tu, aliniambia: "Mwanangu, kioo ni shahidi. Shahidi huulizwa."

Sijui chuo ambacho kingenifundisha shaka ya kisayansi vizuri kuliko pale. Na nasema shaka ya kisayansi kwa makusudi, kwa sababu iko shaka nyingine ya mtu mvivu, anayekataa kila kitu bila kugusa koki. Mzee hakukataa kitu kabla ya kukipima, wala hakukikubali.

Nililishuhudia hilo katika kisa cha loko iliyotembea peke yake. Ilikuwa loko ndogo ya kupanga mabehewa, katika karakana moja ambayo sitaitaja. Mlinzi wa usiku aliapa kwamba baada ya saa sita, hali hakuna mtu kibandani, ilisogea polepole kama inayonyemelea, ikasimama. Wengine wakathibitisha. Ikasemwa kwamba zamani iliwahi kumkanyaga kibarua na sasa inadai damu. Mafundi wakaacha kuingia chini yake usiku. Tukachanga, mbuzi akachinjwa kando ya reli, na kweli loko ikatulia. Siku chache baadaye ikatembea tena. Hapo hofu ikawa kubwa maradufu, maana sasa ilionekana jini limeonja.

Mzee alikuwa likizo wakati wa mbuzi. Aliporudi, wakamtaka asome dua. Akajibu, "Majini yapo, Kurani imeyataja. Lakini leo sijaulizwa habari za majini, nimeulizwa habari za loko." Kisha akaanza kuuliza. Nani ameona kwa macho yake, na nani amesimuliwa? Boila lilikuwa na mvuke? Koki za kutolea maji kwenye silinda zilikuwa wazi au zimefungwa? Breki ya mkono ilikazwa na nani? Mlinzi, ambaye kila mtu alikuwa amemfanya ama mwongo ama shujaa, aliulizwa kwa upole na kwa heshima, na majibu yake yalikuwa mazuri sana. Alikumbuka kwamba loko husogea usiku ambao imeachwa na moto. Tulipofungua daftari la kazi tukakuta zile siku za utulivu baada ya mbuzi, boila lilikuwa limepozwa ili lioshwe.

Kisha tukapima. Mzee aliweka vizuizi vya chuma mbele na nyuma ya magurudumu, hatua moja tu kutoka kila gurudumu, akachora mstari wa chaki kwenye reli. Usiku wa kwanza tuliacha koki za silinda wazi. Loko haikusogea, mvuke mwembamba ukawa unatoka kwenye koki kwa mlio. Usiku uliofuata tukazifunga, wenzo wa gia ukiwa mbele. Tulikaa na taa zetu, watu wengi kuliko zamu ilivyohitaji, na hakuna aliyeongea. Karibu na saa saba loko ikaanza kwenda. Nakiri moyo wangu ulinienda mbio, ingawa nilijua tunachosubiri. Iligusa kizuizi ikasimama. Mzee akairudisha, akautupa wenzo nyuma, na baada ya muda loko ikaenda kinyumenyume. Akatugeukia: "Mbona jini lafuata gia?"

Vali kuu ya mvuke ilikuwa inavuja. Tulipoifungua tukaona kwenye kiti chake mfereji mwembamba uliochimbwa na mvuke. Mvuke ulikuwa ukipenya kidogokidogo hadi silindani, ukijilimbikiza, mpaka unapata nguvu ya kuisukuma pistoni. Tulisawazisha kiti, tukairudisha vali, tukarudia jaribio lilelile. Loko ikalala. Baadhi ya wenzangu walishikilia kwamba jini limekimbia dua za Mzee. Hakubishana nao. Aliacha mstari wa chaki pale pale, kila anayetaka akautazame asubuhi.

Miaka ile ile nilianza kwenda maktaba ya McMillan Nairobi siku za mapumziko, na huko nikamkuta kitabuni mwanasayansi Michael Faraday. Mwaka 1853 Uingereza ilishikwa na wazimu wa meza zinazozunguka: watu wanaweka mikono juu ya meza, meza inakwenda, inasemwa ni roho za wafu. Hii ni nchi iliyokuwa imejaa reli na viwanda vya mvuke, nchi ya watu waliosoma. Faraday, aliyetuonyesha jinsi sumaku inavyozaa umeme, hakuwacheka. Alichukua mbao mbili, akaweka vijiti vya kioo katikati ili ya juu iteleze juu ya ya chini, akazifunga kwa mpira na kuunganisha ubua mwembamba kama mshale. Kama meza ndiyo inayovuta mikono, mshale ungeelekea upande mmoja. Kama mikono ndiyo inayosukuma meza, upande wa pili. Ilikuwa mikono. Na watu wale hawakuwa wadanganyifu; walikuwa wakisukuma bila kujua. Walipouona mshale kwa macho yao, meza ziligoma kabisa kusogea. Niliposoma hayo nilimwona Mzee na chaki yake.

Na sisi wa Voi tulikuwa na jambo letu. Tulikua na hadithi ya simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 hadi kazi ya daraja ikasimama. Vibarua wengi waliamini si simba bali mashetani. J. H. Patterson, aliyewaua Desemba mwaka huo, baadaye alitaja idadi ya watu 135. Ngozi aliziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, na zimehifadhiwa huko pamoja na mafuvu. Ujana wangu wote nilisikia 135, na sikuwa na koki ya kufungua. Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali ndani ya nywele na mifupa ya wale simba, ambamo chakula cha mnyama huacha alama, wakakadiria kwamba waliliwa watu wapatao 35. Sikuona hadithi imepungua. Watu 35 ni misiba 35, na sasa angalau tunajaribu kuwahesabu badala ya kuwapamba.

Mtu akiniuliza shaka ina faida gani kwa maskini, namkumbusha Kisii, Mei 2008. Watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto na kundi la watu kwa kudaiwa ni wachawi. Hapakuwa na mtu wa kuuliza nani ameona kwa macho yake na nani amesimuliwa.

Mvuke uliondoka kwenye njia zetu kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, na nilidhani mapenzi yake yatakufa na sisi. Sivyo ilivyokuwa. Siku moja katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, jumba lililofunguliwa mwaka 1971, nilikuta vijana wamevaa vizibao na kofia ndefu, miwani ya shaba machoni na gurudumu la saa kifuani, wakipigana picha mbele ya Mount Gelai. Wakanieleza kwamba wao ni watu wa stimpanki. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1987 na mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, kwa hadithi za kubuni zenye mitambo ya enzi ya mvuke. Mmoja alikuwa ametiwa moyo na Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi anayeunda miwani ya ajabu kwa vyuma vilivyotupwa.

Niliwapenda papo hapo. Mashine ya mvuke haina siri: fimbo inaonekana, gurudumu linaonekana, unafuata kwa kidole kutoka motoni hadi relini. Anayependa umbo hilo yuko nusu ya njia. Lakini gurudumu lile la kifuani halikugusa kitu, na nilimwambia mwenye nalo. Alicheka akasema, "Sasa, babu, tufanye linazungusha nini?"

Tukaunda kifaa cha Faraday. Mbao za mninga, vijiti vya kioo, mshale wa shaba uliong'arishwa hadi ukafanana na kitu cha jumba la mfalme. Vijana wale hukipeleka kwenye mikutano yao. Huwaita watu wanaodai mikono yao inavutwa na nguvu zisizoonekana, huwakaribisha kwa adabu, huwapa kiti, huweka mshale wanapoweza kuuona. Meza haijatembea bado.

Mount Gelai ipo pale makumbushoni. Walimu mnaopeleka watoto, msiishie kuwapanga mbele ya magurudumu wapigwe picha. Waombeni wenyeji wawapandishe kibandani, waonyesheni vile vioo viwili vya maji, na waacheni washike koki.