Sentensi za Kukataliwa

Kazi iliyonilisha ni kuwapa watu sentensi mbovu ili wazikatae. Naandika ubaoni: "Mama amempikia mtoto ugali." Kisha: "Mtoto amepikiwa ugali." Darasa linaitikia. Kisha: "Ugali umepikiwa mtoto." Minong'ono, vicheko, hapana. Ndipo nawauliza nani aliwafundisha kuikataa, maana hakuna mzazi anayemkanya mwanawe kwa sentensi ambayo mtoto hajawahi kuitamka.

Mwanaisimu Noam Chomsky alijibu kwamba tunazaliwa na sarufi bia, yaani misingi ya lugha iliyo ya wanadamu wote. Nilimsoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mimi niliyetoka Kate, Ufipani, kwetu Kifipa cha nyumbani na Kiswahili cha shule. Michoro matawi, KN (kundi nomino) huku na KT (kundi tenzi) kule, niliiona ya kikarani. Lakini swali lenyewe lilinishika.

Jibu sikulimeza lote. Mwaka 1990 Joan Bresnan, mwanafunzi wa zamani wa Chomsky aliyeachana na sarufi geuzi ya mwalimu wake, na Lioba Moshi, Mtanzania mwenzetu, walichapisha makala kuhusu vitenzi vyenye yambwa mbili, kama mtoto na ugali, katika lugha za Kibantu. Kichewa, kama Kiswahili, humpandisha mpikiwa peke yake kuwa kiima. Kivunjo cha Uchagani huruhusu hata chakula kipande. Nilimuuliza mwanafunzi wangu wa Vunjo. Akashangaa kinachotusumbua ni nini: kwao ugali unapikiwa mtoto, na hakuna anayecheka.

Lugha ndugu hizi, zenye ngeli na minyambuliko inayofanana, zinapishana hapo! Tangu 1981 Chomsky alikuwa na njia ya kulieleza hilo: kanuni ni za wote, vigezo ni vya kila lugha. Naona ni hoja nzuri mpaka vigezo vinapoongezeka kila lugha mpya ikichunguzwa. Hapo nadharia inageuka orodha ya lugha.

Likizo nilirudi Kate na daftari, nijue Kifipa chetu kiko upande gani. Wazee wetu hawakubali kuhojiwa kuhusu muundo, wanahoji habari. "Mwalimu, mtoto gani huyo? Mbona apikiwe peke yake, wenzake wako wapi?" Nusu saa ikaisha tukijadili malezi. Siku hizi siwapelekei sentensi. Nawauliza kilimo cha intumba, yale matuta ya kufukia majani: nani alimlimia nani shamba, nani alimpelekea nani pombe ya ulezi. Yambwa zinakuja mbili mbili, nami naandika.