Ncha Namba Saba

Mwaka 1985 nilikuwa najifunza kazi kwa fundi televisheni Darajani, Unguja. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na kwa chumvi ya bahari na umeme wa kupanda na kushuka, kazi haikukosekana.

Tulilehemu kwa pasi za kawaida za wati 40. Pasi ya namna ile haijui kiasi: ukiiacha mezani inapanda joto mpaka ncha inakuwa nyeusi na lehemu haishiki, ukiigusisha kwenye fremu ya bati inapoa. Jioni umeme ukilegea, nayo inalegea. Ncha zilikuwa shaba tupu. Ikiliwa, fundi anatoa tupa mfukoni anainoa, basi.

Halafu nduguye aliyekuwa akifanya kazi Dubai akamletea pasi ya Weller: sanduku la transfoma na kishikio cha volti 24, chepesi kama kalamu. Haikuwa na kitufe cha kupandishia joto.

"Fundi, joto tunalipanga wapi?"

Akachomoa ncha, akanigeuzia kitako. Palikuwa na namba 7. "Hapa, mwanangu."

Saba ni digrii 700 za Farenhaiti, yaani kama 370 za Selsiasi. Sita ni kama 315, nane kama 425. Kitako kile ni cha madini yanayonaswa na sumaku. Yakifika joto lake hayanaswi tena, swichi iliyomo kwenye kishikio inaachia, umeme unakatika. Yakipoa kidogo yananaswa tena. Kutwa tulisikia tik, tik.

Mwenzangu mmoja, kwa mazoea, akaitia ncha tupa. Kumbe shaba ya ncha hizo imevikwa chuma chembamba. Kikishaondoka, lehemu inaila shaba yenyewe. Ikatoboka upesi. Fundi hakugomba. Aliichukua tupa akaenda nayo kwake, na badala yake akaweka sponji yenye maji, na amri moja: kabla ya kuzima, ncha ivikwe lehemu.

Vijana tulipenda ncha ya sindano, tukidhani kazi ndogo yataka ncha ndogo. Yeye alitumia bapa karibu kwa kila kitu. Sindano inagusa padogo mno, joto halipiti. Unaikandamiza na kusubiri, mwisho njia ya shaba inabanduka kwenye bodi. Bapa inashika mguu wa transista na shaba yake kwa pamoja, unahesabu mbili, unaondoa. Mpaka leo nikiona mtu anapandisha joto kwa sababu lehemu haiyeyuki, kwanza natazama umbo la ncha yake.

Siku hizi wengi wanatumia lehemu isiyo na risasi, inayoyeyuka kwenye 217 hivi badala ya 183, na stesheni za kulehemia zina tarakimu zinazowaka. Wakiniuliza wanunue ipi, nawauliza kama ncha zake zinauzwa mjini kwao. Kama haziuzwi, iache hata ukipewa nusu bei.