Nyumba ya Kukumbusha

Mpendwa msomaji, wewe unayejifunza Kiswahili,

Kabla hatujasafiri pamoja, naomba tulitazame neno moja: makumbusho. Ndani yake mna kitenzi kumbuka. Ukikinyambua katika kauli ya kusababisha, unapata kumbusha, yaani kumfanya mtu akumbuke. Kutokana na kumbusha tunapata makumbusho, mahali panapomfanya mtu akumbuke. Nimelifundisha neno hili kwa miaka kadhaa hapa Bwera. Nililiandika ubaoni, wanafunzi wakalinakili, kengele ikalia, nasi tukaendelea na neno jingine. Nakiri kwamba sikulielewa sawasawa hadi siku mzazi mmoja alipomkataza binti yake asiende kuyaona makumbusho yenyewe.

Tulikuwa tumepanga kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Kampala kwa siku mbili. Wangetembelea Makumbusho ya Uganda kule Kitante, Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho katikati ya jiji, na Kituo cha Utamaduni cha Ndere huko Ntinda. Katika mkutano wa wazazi tulizungumza sana juu ya nauli na chakula. Mwishoni akasimama baba mmoja, mfanyabiashara wa soko la Mpondwe. Alizungumza kwa Lhukonzo, kwa heshima, lakini bila kuyumba.

“Mwalimu,” alisema, “nyumba hiyo nimeisikia. Wenyeji wa Kampala huiita nyumba ya mayembe. Mimi ni mtu wa kanisa. Mtoto wangu simpeleki kwenye hirizi.”

Hakuwa amelizua jambo hilo. Makumbusho yalipoanzishwa mwaka 1908, katika ngome ya zamani ya Lugard kwenye kilima cha Kampala Kongwe, miongoni mwa vitu vilivyokusanywa vilikuwamo vifaa vya ibada na vya uganga. Kwa sababu hiyo watu waliiita nyumba ile Enyumba ya Mayembe. Kwa Kiganda, mayembe ni pembe, na pia ni zile pembe za waganga. Jina hilo lilidumu hata baada ya makumbusho kuhama ngome ile.

Baba yule alikuwa pia na sababu nyingine ambayo hakuitaja, wala hakuna aliyehitaji aitaje. Tangu usiku ule wa Juni 2023, wanafunzi walipouawa bwenini hapa Mpondwe-Lhubiriha, mzazi wa huku hamruhusu mtoto kulala mbali na nyumbani kwa wepesi. Sikubishana naye. Nilimshukuru kwa kusema wazi, nikaketi.

Binti yake naye hakubishana. Alirudi nyumbani akamweleza neno. Baba yule anakijua Kiswahili, kwa kuwa kila siku ya soko huuziana mawese na vitenge na wenzetu wa Kongo. Binti akamwambia, “Baba, kwa Kiswahili haiitwi nyumba ya mayembe. Inaitwa nyumba ya kukumbusha.” Baba akauliza, “Inakumbusha nini?” Binti akajibu kwamba hajui, na kwamba ndiyo sababu anataka kwenda. Kesho yake baba alimleta shuleni mwenyewe, nauli mkononi, akaniwekea sharti moja: binti akirudi, amsimulie kila alichokiona, kimoja kimoja.

Basi tukaondoka alfajiri. Tulipita Kikorongo, tukavuka mbuga, tukashika njia ya Mbarara. Wanafunzi walifurahi sana walipogundua kwamba safari hiyo inavuka ikweta mara mbili, kwanza karibu na Kikorongo, kisha Kayabwe kabla ya kufika Kampala.

Hapa sina budi kukuungamia jambo. Nilipokuwa nikisomea stashahada ya ualimu, nilifika Kampala mara nyingi. Nilipita mbele ya lango la makumbusho nikiwa ndani ya teksi, nikalitazama dirishani, wala sikushuka hata siku moja. Nilidhani ni mahali pa watalii na pa watoto wa shule za gharama kubwa. Hakuna aliyenifukuza pale langoni. Nilijifukuza mwenyewe. Nakueleza haya kwa sababu huenda nawe unafikiri hivyo juu ya nyumba fulani ya umma katika mji wako: maktaba, jumba la sanaa, au ukumbi wa baraza.

Jengo tulilolikuta lilikamilika mwaka 1954. Mbunifu wake, Ernst May, alikuwa Mjerumani. Ndani tuliona vyungu, nguo za magome ya mti, mikuki, na silaha za uwindaji. Chumba kilichowashika wanafunzi kuliko vyote kilikuwa cha ala za muziki: ngoma za kila umbo, zeze, filimbi, marimba. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho hayo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuwa mtaalamu wa muziki. Alizunguka sehemu mbalimbali za Uganda akirekodi nyimbo na kuzichunguza ala zake. Wanafunzi wangu waliposimama mbele ya marimba, wote walitamka neno moja la Lhukonzo kwa pamoja: “Endara!” Kwetu, endara ni marimba makubwa ambayo watu kadhaa huyapiga kwa pamoja. Niliwaomba waseme sentensi ileile kwa Kiswahili. Wakasema: “Haya ni marimba. Kwetu tunayaita endara.” Kwa maoni yangu, msomaji wangu, hiyo ni sentensi kamili ya raia. Anakitaja kitu kwa lugha ya wote, kisha anaongeza jina alilorithi nyumbani. Hakuna jina lililolifuta jingine.

Yule binti wa Mpondwe alikuwa amesimama peke yake mbele ya kibuyu. Nilimkaribia nikamuuliza anaandika nini. Akasema, “Mwalimu, hiki si kitu cha kale. Bibi yangu anacho jikoni.” Wenzake wakacheka. Mimi nilitaka kucheka, nikashindwa. Alikuwa amesema kweli. Kibuyu cha Kampala kimewekwa nyuma ya kioo, na kando yake pana maelezo. Kibuyu cha bibi hakina maelezo, kwa sababu maelezo yake yote anayo bibi kichwani: nani alikichonga, kilitumika katika harusi ya nani, kwa nini kilitiwa alama shingoni. Bibi akiondoka, kitabaki kibuyu kitupu.

Mwanafunzi mwingine akauliza kama kuna kitu chochote cha kale sana kilichowahi kupatikana pande zetu. Nikawasimulia habari za mfupa wa Ishango. Mwaka 1950, mwanasayansi Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, upande wa Kongo, si mbali na mpaka wetu. Alipata mfupa mdogo uliochanjwa alama nyingi zilizopangwa kwa mafungu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba alama zile ni hesabu. Leo mfupa huo umehifadhiwa Brussels, Ubelgiji.

Wakanyamaza. Kisha mmoja akasema, “Ishango ile ya hapa ng'ambo?” Nikamwambia, ndiyo, ileile. Hawakuwa wamewahi kusikia. Watoto waliozaliwa karibu na ziwa hilo hawakujua kwamba huenda mtu wa kale wa ufuoni pao alikaa akihesabu kitu, akachanja hesabu yake mfupani. Nikawauliza: je, kitu kikiwa mbali, bado ni chetu? Majibu hayakufanana. Mmoja alisema mwenye kitu ni yule anayekitunza. Mwingine alisema mtunzaji wa mbuzi wa jirani hawi mwenye mbuzi.

Sikuwapa jibu, ila niliwapa mifano miwili. Mwaka 1962, Uganda ilipokuwa inapata uhuru, Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha vitu vitakatifu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, vilivyokuwa vimechukuliwa zamani. Kisha Juni 2024, vitu 39 vilirejea kutoka chuo hichohicho hadi Makumbusho ya Uganda, lakini safari hii vilikuja kwa mkopo wa miaka mitatu ya mwanzo. Tafakari neno mkopo. Kukopeshwa kitu kilichotoka kwenu ni jambo linalostahili insha nzima.

Hata jengo lenyewe lilinusurika. Mwaka 2011 ulijulikana mpango wa kulibomoa ili pajengwe jumba refu la biashara. Wananchi na mashirika ya utamaduni walipinga. Waliandika, walizungumza, na baadhi yao walikwenda mahakamani. Jengo lile lingali limesimama. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kuufurahia na kuuendeleza utamaduni na lugha yake. Katika malengo yake ya taifa inatutaka sote, serikali na raia, tuilinde mali ya umma na urithi wa nchi. Zingatia maneno “na raia”. Haki ile ina wajibu pembeni yake.

Jioni tulikwenda Kituo cha Ndere. Kundi la Ndere lilianzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984, na jina lake limetokana na endere, filimbi, ala inayojulikana kwa makabila mengi ya Uganda. Mchana tulikuwa tumeiona filimbi imelala ndani ya kioo. Usiku tukaisikia inapulizwa, na wachezaji wakaifuata kwa miguu. Wanafunzi walielewa, bila mimi kuhubiri, kwamba makumbusho na kituo cha sanaa ni mikono miwili ya kazi moja. Mmoja unakishika kitu kisipotee, mwingine unakitumia kisife. Ngoma za kanda moja baada ya nyingine zilichezwa, na baina ya ngoma na ngoma mwongozaji aliwachekesha watazamaji kwa kuwataniana kikabila. Wanafunzi wangu walicheka hadi machozi, wao waliotoka wilaya ambayo kabila limewahi kuwa sababu ya machozi ya namna nyingine.

Tuliporudi Bwera, binti yule alitimiza sharti. Alimsimulia baba yake kila kitu, kimoja kimoja, kuanzia langoni. Alipofika kwenye kibuyu, baba akamkatiza. Akamweleza habari ambayo hakuwahi kuwaeleza watoto wake. Babu yao alikuwa mchimba shaba wa Kilembe, tangu enzi zile reli ilipofika Kasese mwaka 1956 na mji ukaanza kukua. Mgodi ulipoacha kuchimba shaba mwanzoni mwa miaka ya 1980, babu alibaki na kofia yake ngumu, taa ya kichwani, na kadi yake ya kazi. Aliviweka ndani ya sanduku, katika nyumba iliyokuwa kando ya Mto Nyamwamba. Mei 2013 mto ukafurika, ukaichukua nyumba pamoja na sanduku. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Baba akamwambia binti, “Sikuwaambia kwa sababu sikuwa na kitu cha kuwaonyesha.”

Binti aliandika habari hiyo kwa Kiswahili, kurasa mbili na nusu. Alinijia mara tatu kuniuliza maneno: kifaa hiki cha mgodini kinaitwaje, na kile je? Maneno mengine sikuyajua. Ilinibidi nipande Kilembe mwenyewe siku ya Jumamosi, niketi na wazee waliofanya kazi chini ya ardhi, niwaulize. Walinicheka kidogo, kisha wakanifundisha kwa saa tatu. Mwalimu wa Kiswahili nikawa mwanafunzi, daftari gotini.

Baba yake alikuja shuleni kuisoma insha ile. Aliisoma akiwa amesimama, polepole, akirudia baadhi ya mistari. Kisha akauliza kama anaweza kupewa nakala akaiweke nyumbani. Nikampa.

Mpendwa msomaji, pengine uko mbali na Kampala na huna nauli. Usingoje nauli. Wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, chagua kitu kimoja cha zamani nyumbani kwenu, uulize aliye mkubwa kuliko wote kilitoka wapi, nani alikitumia, na kinaitwaje kwa lugha yenu. Pili, andika aya moja ya Kiswahili juu ya kitu hicho, na jina la lugha yenu uliache mahali pake kama wanafunzi wangu walivyofanya na endara. Tatu, isome aya hiyo kwa sauti mbele ya yule aliyekusimulia, umwombe asahihishe. Utaona kwamba atasahihisha mambo kuliko sarufi.

Na siku ukifika Kampala, panda hadi Kitante. Lipa kiingilio, ingia, soma maelezo, muulize mwongozaji maswali yako yote. Usiingie kama mgeni. Mimi nilipita nje ya lango lile kwa miaka, na nisingependa nawe uipoteze miaka yako hivyo.

Wako katika lugha,
Mwalimu wako wa Bwera