Sungura Alimwambia Nani?

Kwenye nukta nundu, e na i ni kama mtu na sura yake kwenye kioo. E ina nukta mbili: ya juu kushoto na ya kati kulia. I nayo ina mbili: ya juu kulia na ya kati kushoto. Kidole cha mtoto anayeanza huzichanganya, kama sisi tulivyochanganya b na d. Sasa fikiria mashine inayotamka kila herufi anayoibonyeza, lakini kwa Kiingereza. Anabonyeza e, inamwambia "i". Anabonyeza i, inamwambia "ai". Jamani!

Ndiyo maana nilisita pale ukoo ulipochanga fedha za kumnunulia mpwa wangu kifaa cha umeme. Januari anaanza darasa la kwanza Ikungi, Singida, kwenye shule ya msingi mchanganyiko inayosomesha wasioona pamoja na wenzao wanaoona. Kuchagua nikaachiwa mimi, eti ndiye mtu wa vitabu. Cha kwanza kilichopendekezwa kilikuwa BrailleBuzz, chenye umbo la nyuki, kinachotolewa na American Printing House for the Blind ya Kentucky. Kizuri sana, kwa mtoto wa Kentucky.

Cha pili, Orbit Reader 20, kilinitamanisha zaidi. Kina uzito chini ya nusu kilo, na hakisemi kitu: visindano butu vinapanda na kushuka, kidole kinasoma. Riwaya moja ikichapwa kwa nukta nundu hujaza majuzuu manene, wakati kadi ndogo ya kifaa hiki inabeba kabati zima. Mpenda vitabu gani angekataa?

Lakini ile 20 ni nafasi za herufi, na maneno yetu ni marefu. Nilihesabu. "Sungura alimwambia", pamoja na alama ya herufi kubwa na nafasi ya katikati, inakula 19. Alimwambia nani? Mtoto abonyeze kitufe, mstari ufutike, ndipo amkute fisi. Msomaji mzoefu hilo halimsumbui. Anayeanza anahitaji ukurasa: mkono mmoja usome, mwingine utangulie kutafuta mstari unaofuata, ajue kwamba hadithi ina juu na chini, na kwamba kichwa cha habari hukaa peke yake.

Kibao cha kutobolea ni rahisi kwa bei, ila unatoboa kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi kinyume. Ukitaka e, unatoboa umbo la i. Hapana, ngoja kwanza akomae.

Nikaishia kwenye mashine ya Perkins, iliyoundwa na David Abraham na kuanza kutolewa mwaka 1951. Funguo sita za nukta, karibu kilo 5, haitaki umeme. Ukurasa wake una mistari 25 ya nafasi 42, na mtoto akibonyeza tu, papo hapo anaipapasa herufi aliyoiandika.

"Kaka, watu wamechanga pesa ya kifaa cha kisasa, wewe unaniletea chuma cha enzi za mkoloni?" dada alinipigia.

Nikamweleza habari za ukurasa. Akasikiliza, halafu akauliza: "Sawa, ataandika. Atasoma nini?"

Hapo alinibana. Mashine ile haiji na kitabu, na vifaa vyote viwili bei yake ni mamia ya dola, kwa hiyo mchango unatosha kimoja. Nikisema asubiri kile kidogo hadi vidole vikolee, labda darasa la tatu au la nne, ni miaka mitatu ya kusoma sentensi zake mwenyewe na za mwalimu. Mtoto anayeona, kwa miaka hiyo, amekwisha kusoma hata gazeti lililofungiwa maandazi.

Sijabadili uchaguzi, ila nimeuwekea sharti: ile Perkins ikifika inapita kwangu kwanza, na rimu mbili za karatasi ngumu. Nina likizo ya Desemba nzima. Nimeshapanga hadithi kumi na moja, fupi fupi, na dada ameomba nimfundishe herufi ili nikirudi kazini aendelee yeye.